Kwetu ni Wapi? Niliyojifunza kwa Kuhamisha HOME

Mwaka jana, mwezi wa tano, nilipoteza kazi ya siku 23. Sikuibiwa, wala mvua haikuingia chumbani. Nilihama vibaya. Na nyumba niliyoihama haikuwa ya matofali na mabati; ilikuwa saraka tu ndani ya kompyuta, ile ambayo mashine inaihesabu kuwa kwangu. Ninaandika habari hii kwa sababu wengi wetu katika kitivo hiki tunaandika memwari zetu kwa mashine za kuazima, na mtu anaweza kuanguka pale nilipoanguka mimi. Lakini kuna sababu nyingine. Nilipolichunguza kosa langu, niliona lilikuwa kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la kompyuta, na makosa ya lugha ndiyo kazi yetu sisi.

Memwari yangu ilihusu namna wazee wa Lubumbashi, wale waliofika mjini kutoka pande za Ziwa Tanganyika, wanavyotaja mahali wanapokumbuka safari zao. Nilichunguza viambishi vya mahali: pa-, ku- na mu-. Kila msomaji wa jarida hili anajua kwamba kitabu cha sarufi kinasema "nyumbani", na kwamba sisi tukitoka darasani tunasema "ku nyumba" na "mu nyumba". Nilitaka kusikia wazee wenyewe wanachagua nini, na wanapochagua wanabeba maana gani. Kwa hiyo nilizunguka na kinasa sauti kidogo, Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi. Mzee wa kwanza kwenye orodha yangu alikuwa nkambo wangu mwenyewe, mzaa mama, aliyezaliwa Kalemie wakati mji huo ulikuwa bado unaitwa Albertville.

Sauti ni kitu kizito. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya njia mbili, kwa kiwango kile cha diski za muziki, inakula karibu megabaiti 635. Mimi nilikuwa na saa 20. Mashine tuliyoitumia wanafunzi watatu, katika chumba cha mwisho wa varanda, ilikuwa kongwe, yenye diski ndogo. Ndiyo sababu ilikuwa na Linux: mfumo huo unakubali kufanya kazi hata kwenye mashine zilizochoka. Kila mmoja wetu alikuwa na jina lake la kuingilia. Langu lilikuwa mtafiti, na kwangu palikuwa /home/mtafiti. Siku moja mashine ikakataa kuhifadhi neno langu hata moja. Diski ilijaa.

Asistenti aliyekuwa akisimamia mashine alitafuta diski ya pili, ya zamani lakini kubwa, akaifunga ndani na kuipa jina /data. Akaniambia: "Mdogo wangu, nafasi iko. Hamisha vitu vyako." Kisha akaenda kusimamia mitihani. Sikumwuliza namna ya kuhama. Nilidhani kuhama ni kubeba vitu na kuwaambia watu.

Basi, nikabeba vitu. Nilinakili kila kitu kwenda /data/mtafiti, nikafuta faili nzito za sauti pale pa zamani ili kufungua nafasi, na maandishi nikayaacha, kwa woga tu wa kufuta. Halafu nikaiambia mashine kwamba nimehama. Ndani ya faili iitwayo .bashrc, ambayo sheli huisoma kila unapofungua terminali, nikaandika mstari mmoja:

export HOME=/data/mtafiti

Nikafunga terminali, nikaifungua tena, nikaandika cd bila neno lingine. Mashine ikanipeleka /data/mtafiti. Nikaandika echo ~ nayo ikanijibu /data/mtafiti. Nilifurahi. Nilijiona fundi.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya vitu hivi viwili, HOME na ile alama ya mawimbi, kwa maana ndivyo vilivyonidanganya.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Miaka 10 baadaye, katika toleo la saba la 1979, ilikuja sheli ya Stephen Bourne, na pamoja nayo desturi ya kuipa kila programu mazingira, yaani kifurushi cha majina na thamani zake ambacho programu inabeba inapozaliwa. Moja ya majina hayo ni HOME. Waandishi wa kamusi za kompyuta wanakiita kitu cha namna hii kigeugeu, na kwa maoni yangu hawakukosea: ni jina ambalo leo linaonyesha hapa, na kesho likiambiwa litaonyesha pale. HOME si mahali. Ni jina la mahali.

Alama ~ sisi wa lugha tunaijua kwa njia nyingine. Ni tilde, ambayo Wareno wanaiweka juu ya irabu na Wahispania juu ya n, na ambayo katika fonetiki inaonyesha sauti inayopita puani. Imefikaje kuwa nyumba? Kwenye kibodi ya terminali iliyoitwa ADM-3A, neno HOME na alama ~ vilikuwa kwenye kitufe kimoja. Bill Joy, aliyeandika sheli ya C huko Berkeley, alitumia terminali hiyo. Ujirani wa kitufe ukawa maana. Mwanaisimu hawezi kushangaa: maneno mangapi yamepata maana zao kwa kukaa tu karibu na maneno mengine?

Katika sheli, ~ peke yake inamaanisha kwangu mimi ninayeandika amri hii. Ukiandika wewe, inamaanisha kwako. Nilipoifikiria, niliona tunalo neno lake tayari, na si "nyumba". Ni "kwetu". Neno "kwetu" halina anwani. Ni kiambishi cha mahali na umiliki wa anayesema, basi. Akilisema mtu wa Bukavu, ni Bukavu. Akilisema nkambo wangu, ni ziwani. Huwezi kulitafsiri mpaka umjue msemaji. Nilipenda sana wazo hili, nikaliandika kwenye daftari langu kwa kalamu nyekundu. Sikujua kwamba sheli ina aina ya pili ya "kwetu", na kwamba hiyo ya pili ndiyo itakayonihukumu.

Kwa siku 23 nilifanya kazi katika nyumba mpya. Nilirudi kwa nkambo mara mbili, nikarekodi masimulizi mawili marefu. Niliyaingiza kwenye mashine, nikafuta kadi ya kinasa sauti kwa sababu nilikuwa na kadi moja tu. Niliandika sauti kuwa maneno, masimulizi 14 kwa jumla, pumziko kwa pumziko. Na sikuwa mzembe, ndivyo nilivyojiambia. Tangu mwanzo wa mwaka Asistenti alikuwa amenitengenezea nakala ya akiba: kila siku saa nane mchana, wakati ambao kwa kawaida umeme upo, programu iitwayo cron iliamka yenyewe na kunakili ~/masimulizi kwenda kwenye diski ya nje iliyokaa kabatini mwake. Kila jioni nilisoma ripoti yake. Kila jioni ripoti ilisema hakuna kosa.

Siku ya 23 umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Tulipowasha mashine, diski ile ya pili ilikuwa ikilia tik, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Fundi mmoja wa mjini alikaa nayo siku mbili, akaturudishia. Sikulia. Nilisema: nakala iko kabatini.

Tukafungua diski ya nje. Sauti zote za zamani zilikuwapo. Maandishi yalikuwapo pia, lakini yaliishia siku ile niliyohama. Masimulizi 14 hayakuwapo. Nkambo wangu wa mara mbili zile hakuwapo. Siku 23 cron iliamka saa nane, ikaenda kwa uaminifu mpaka /home/mtafiti/masimulizi, ikakuta maandishi ya zamani niliyoyaacha kwa woga, ikaona hakuna jipya, ikaandika ripoti kwamba kila kitu ni sawa. Na kwa upande wake, kila kitu kilikuwa sawa.

Asistenti alikaa kimya muda. Kisha akauliza:

"HOME uliibadilisha wapi?"

"Ndani ya .bashrc, Asistenti."

"Ulibadilisha mdomo wako, mdogo wangu. Daftari hukuligusa."

Akanifungulia faili iitwayo /etc/passwd. Jina lake linafanya mtu adhani ina maneno ya siri, lakini siku hizi hayamo humo. Ni daftari la wakaaji wa mashine. Kila mkaaji ana mstari mmoja, na kila mstari una sehemu saba zilizotengwa kwa nukta mbili. Wangu ulikuwa hivi:

mtafiti:x:1002:1002:Mwanafunzi:/home/mtafiti:/bin/bash

Jina, herufi x inayosema kwamba neno la siri limefichwa mahali pengine, namba ya mkaaji, namba ya kundi lake, maelezo, halafu sehemu ya sita, nyumba yake, na mwisho sheli yake. Sehemu ya sita ilikuwa bado inasema /home/mtafiti. Unapoingia kwenye mashine, programu ya kuingilia inasoma sehemu hiyo, na kutoka hapo inaiumba HOME ya kwanza. Mimi nilikuwa nikiibadilisha HOME baada ya kuingia, ndani ya terminali yangu tu. Tena, ili sheli ipate habari ya kuhama kwangu, ilibidi kwanza iende nyumba ya zamani kuisoma .bashrc niliyoiacha kule. Barua ya kusema tumehama ilikuwa mezani katika nyumba tuliyohama.

Na mazingira yanarithiwa kwa njia moja: kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Programu niliyoifungua ndani ya terminali yangu ilirithi HOME mpya. Lakini cron si mtoto wa terminali yangu. Inazaliwa mashine inapowaka, kabla mimi sijafika, na inapotaka kujua mtafiti anakaa wapi haiulizi mdomo wangu, inaangalia daftari. Programu ya ssh inafanya vilevile: ikitafuta funguo zako, inasoma daftari, hata ukipiga kelele namna gani kuhusu HOME.

Asistenti akaandika amri moja ambayo tangu siku ile ninaifundisha kila mtu anayetaka kunisikiliza:

echo ~ ~mtafiti

Alama ~ peke yake inasoma HOME, yaani maneno ya msemaji. Lakini ~ ikifuatwa na jina la mkaaji, inasoma daftari. Jibu likatoka kwenye mstari mmoja: /data/mtafiti /home/mtafiti. "Kwetu" na "kwa mtafiti" havikuwa mahali pamoja. Mtu mmoja, makao mawili, na mashine haikuona hapo ubishi wowote. Ningaliiandika amri hiyo siku ya kwanza, ningaliona.

Nilipolisikia neno "daftari" nilikumbuka jambo la nyumbani ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka. Nilipokuwa na miaka tisa tulihama kutoka Kamalondo kwenda Ruashi. Tata aliwaambia marafiki, wenye duka, watu wa kanisani. Kwa kila aliyemwuliza, kwetu palikuwa Ruashi. Lakini ndugu wa Kalemie walikuwa na anwani yetu ya Kamalondo kwenye daftari la familia, na hakuna aliyekwenda kuibadilisha. Baba mkubwa alipofariki, simu ya tata ilikuwa imeibiwa wiki hiyohiyo. Wakatuma barua kwa mkono wa msafiri. Msafiri akaenda Kamalondo, akakuta wapangaji wapya, watu wema. Wakaipokea barua na kuiweka juu ya kabati, mahali pasafi. Tulipoipata, mazishi yalikuwa yamepita siku nne. Tata hakumlaumu msafiri, wala wapangaji, wala ndugu. Alisema tu: "Walituma kule daftari ilisema." Kisha akatoka nje, akakaa peke yake mpaka giza.

Katika habari ile pia kila mtu alifanya kazi yake sawasawa. Na mji wetu wenyewe unajua hali hii. Wazee wetu walizaliwa Élisabethville, Jadotville na Albertville; mwaka 1966 miji hiyo ikawa Lubumbashi, Likasi na Kalemie. Nchi ikawa Zaire mwaka 1971, ikarudi kuwa Congo mwaka 1997. Mkoa wa Katanga uligawanywa mwaka 2015, na Kalemie sasa iko katika mkoa wa Tanganyika. Nkambo wangu hakuwahi kuhama katika mabadiliko hayo. Majina yalihama juu yake. Karatasi yake ya ubatizo inasema Albertville. Ukiitafuta Albertville kwenye ramani ya leo ya nchi yetu, hutaipata, ingawa ziwa liko palepale.

Kuhama sawasawa katika mashine si kazi kubwa. Niandike hapa namna tulivyofanya baadaye, tulipopata diski nyingine. Kwanza mwenye nyumba atoke kabisa. Mfumo unakataa kumhamisha mtu ambaye programu zake bado zinakimbia ndani, na una haki. Halafu msimamizi anaingia kwa jina lake na kuandika:

usermod -d /data/mtafiti -m mtafiti

Herufi d inabadilisha sehemu ya sita ya daftari. Herufi m inabeba vitu. Ukiandika d bila m, daftari litahama na vitu vitabaki. Utaingia katika nyumba tupu. Mimi nilibeba vitu bila daftari, na huo ni upande wa pili wa kosa hilohilo. Kisha nilifuta ule mstari wa export, maana hauna kazi tena: HOME itaumbwa kutoka kwenye daftari, kama inavyopaswa. Diski mpya lazima pia iandikwe katika /etc/fstab ili ifungwe mashine inapowaka. Bila hivyo, utaingia na mfumo utakuambia kwamba saraka yako haipo na kwamba unaingizwa na HOME ya /, yaani kwenye mzizi wa mti wote, mahali ambapo ni pa wote na si pa mtu.

Kuna jambo la mwisho. Katika maandishi na programu zako ndogo, huenda uliandika njia nzima, /home/mtafiti, badala ya ~. Hizo hazitajua kwamba umehama. Asistenti aliacha kiungo pale pa zamani:

ln -s /data/mtafiti /home/mtafiti

Kila anayegonga mlango wa zamani anapelekwa kwenye mpya. Ni kama kumwachia jirani wa Kamalondo maneno: wakija wageni wetu, waonyeshe njia ya Ruashi. Tata hakumwachia jirani maneno.

Lakini amri hizo zote hazikunirudishia siku 23. Sauti za wazee wengine zilikuwapo, hivyo maandishi 12 niliweza kuyaandika upya, na niliyaandika, usiku, kwa wiki tatu. Mawili ya nkambo hayakuwa na sauti tena. Ilibidi niende Katuba kumweleza.

Nilimkuta anachambua maharagwe. Niliogopa kwamba atafikiri nimeyadharau maneno yake. Nikamweleza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani kwamba mashini ilikufa na maneno yake yamepotea. Akauliza: "Yote?" Nikasema: "Yote, Nkambo. Ile ya mara mbili za mwisho." Akaendelea kuchambua kidogo. Kisha akasema: "Mimi niko. Fungula mashini yako."

Akasimulia tena. Lakini msomaji anayefanya kazi ya masimulizi anajua yaliyotokea: hayakuwa yaleyale. Mara ya kwanza alikuwa ameanza na mtumbwi wa baba yake. Safari hii alianza na treni. Watu wawili walitoweka, mtu mmoja akaingia ambaye sikuwahi kumsikia. Na kulikuwa na jambo dogo lililoniuma kuliko yote. Katika daftari langu la karatasi, kutoka kwenye kikao kile kilichopotea, lilibaki neno moja nililolipigia mstari: aliposema juu ya ua wa baba yake pale ziwani, alisema "pa kwetu". Si "ku", bali "pa", mahali mtu anapoweza kupaonyesha kwa kidole. Nilikuwa nimepanga kujenga sura nzima juu ya pa- hiyo. Katika masimulizi mapya, kwa ua uleule, alisema "kule kwetu", kila mara, kama mtu anayeonyesha upande tu.

Je, mara ya kwanza alisema kweli "pa kwetu", au sikio langu lilitaka kusikia hivyo? Kwa nini alibadilisha? Ninaweza kubuni maelezo mengi. Profesa wangu aliniambia, kwa upole, kwamba masimulizi ya pili nayo ni ushahidi, lakini ya kwanza si ushahidi tena, ni kumbukumbu ya mwanafunzi. Alikuwa na haki. Mfano ule niliuondoa katika memwari. Sura ile ikawa kurasa nne.

Jambo moja nililiuliza safari hii ambalo sikuliuliza mwanzo. Nilimwuliza: "Nkambo, kwetu ni wapi?" Alicheka, kwa sababu hilo si swali la kumwuliza mtu mzima. Akasema: "Kwetu? Kwetu njo kule benye kunijua beko." Nikahesabu kimoyomoyo watu wanaomjua ambao bado wako Kalemie. Sikupata hata mmoja. Nadhani naye alikuwa akihesabu, maana alinyamaza, akarudi kwenye maharagwe yake. Nilikiacha kinasa sauti kikaendelea kurekodi ukimya ule.

Rekodi hiyo sasa iko mahali patatu: kwenye mashine, kwenye diski ya kabatini, na kwenye kadi ndogo katika nyumba ya mama yangu, Ruashi. Kila Jumamosi ninaifungua nakala ya kabatini, si kusoma ripoti bali kuisikiliza, dakika moja au mbili, mpaka nisikie maharagwe yakianguka katika sahani. Na kila asubuhi, kabla ya kuandika neno, ninaandika kwanza echo ~ ~mtafiti na kungoja majibu mawili yafanane.